Maumivu Yaliyoshangiliwa

Mtaa mzima ulimwita Shoti, na fundi umeme huyo alilipenda jina lake. Alikuwa mtu wa maneno. Akipanda ngazi, mdomo nao unapanda. Siku ngazi ilipoteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, aliangukia mgongo juu ya boksi lake la vifaa, na tangu hapo, kuanzia kiunoni kwenda chini, akawa hana hisia wala nguvu.

Mkewe, aliyesuka wateja barazani mwao, alimgeuza, akamwogesha, na bado akasuka. Hakulalamika, ingawa alikonda mpaka wateja wakamwuliza kama anakula.

Miezi ikapita, kisha nyayo za Shoti zikaanza kuwaka. Mwanzo ilikuwa pilipili, halafu ukawa moto wa kweli. Shuka ikimgusa paja, anauma mto. Na unajua alifanya nini, mwendawazimu yule? Alicheka. Alimwita mkewe, naye akaja mbio na kitana mkononi, akaambiwa umeme umerudi. Miaka yote Shoti alikuwa akiwafundisha vijana wake wa kazi kwamba waya ukikurusha, usiulize tena kama una moto. Sasa miguu ilikuwa ikimrusha. Basi iko hai, na iliyo hai itatembea.

Hapo ndipo alipojiponza. Hospitali ilikuwa imempa vidonge vya kutuliza maumivu hayo, akavikataa katakata. Alisema yeye hazimi laini inayojaribu kuwaka. Mkewe alibisha, akabembeleza, mwishowe akaamini naye, maana kuamini kulikuwa rahisi kuliko kumtazama. Wakajiwekea utaratibu: kila asubuhi, kabla ya kazi, msusi anamsugua miguu kwa vidole vyake vyenye nguvu, Shoti akitafuna kitambaa. Akipiga kelele zaidi ya jana, wanafurahi. Mungu awasamehe, walikuwa wanafurahi. Mteja aliyewahi barazani alijifanya anajitazama kwenye kioo.

Mwili ukashindwa. Shoti akaacha kula, usingizi ukampotea, na maneno yale yote yakamwishia. Mkewe naye akawa anawasuka watu mistari iliyopinda. Siku moja alimwacha mteja na nusu kichwa, akakodi gari, akampeleka mumewe kwa daktari.

Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, alimgusa paja kwa pamba, akaona mabega yalivyoruka. Kisha akamwambia asogeze kidole gumba cha mguu. Shoti alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kidole hakikutikisika.

"Nilidhani inaamka, daktari," alisema.

"Kilichoamka ni hisia tu, ndugu yangu. Nyuzi zinazobeba hisia zimechipua matawi mapya ndani ya uti wa mgongo, chini ya jeraha, yakajiunga ovyo ovyo. Ndiyo maana pamba unaisikia kama moto. Zile zinazoamrisha miguu hazijarudi."

"Zitarudi?"

"Sioni dalili. Sitaki kukudanganya."

Msusi alikuwa akitazama vidole vyake. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi nilikuwa namtesa bure?"

Daktari alimwambia hakuwa anajua. Haikumsaidia kitu.

Nyumbani mkewe aliweka kidonge na maji juu ya kigoda kando ya kitanda. Shoti alikikodolea macho. Kukimeza kulikuwa ni kukubali kwamba hatatembea, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kushikilia ila moto ule. Aliomba waanze kesho. Asubuhi moja tu zaidi, pengine daktari amekosea.

"Mimi sikugusi tena," mkewe alisema. "Ukitaka iume, iume yenyewe. Nimechoka kukusikia unalia nikashukuru."

Akakaa sakafuni, kichwa magotini. Shoti akanyoosha mkono, akakichukua kidonge, akameza.

Moto ulichukua wiki kadhaa kupungua. Alasiri moja, mteja wa mwisho alipoondoka, msusi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaweka kiganja juu ya muundi wa mumewe polepole, akisubiri yowe.

"Inauma?"

Shoti alifumba macho, akautafuta uchungu, akautafuta tena.

"Haiumi," alisema, na wote wawili wakalia kama waliofiwa.