Majina ya Ndege wa Ziwa

Sisi tuliokulia mtaa wa Umoja kabla kila mtoto hajapewa simu tunaijua Februari ilivyokuwa. Lami ilishika kandambili. Mabati ya vibanda yalialika kwa joto mchana kweupe. Tulicheza mpira wa kati na gololi za bano mpaka jua likatushinda, kisha tukajipanga kwenye dirisha la duka kununua barafu nyekundu, ile ya karatasi ya nailoni, ambayo ukiifyonza mara tatu inabaki maji matupu na ulimi wa rangi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia watoke nje wanauliza kama huko nje kuna waifai. Mimi huwacheka, halafu najiuliza wakitoka wataona nini, na kicheko kinakatika.

Sisi tulikuwa na Ziwa. Kwa kweli lilikuwa timbo la mawe lililoachwa, ng'ambo ya Kayole, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu yetu mifupi. Wachimbaji walichimba mpaka wakafikia maji, maji yakawafukuza, matete yakaota, na ndege wakaja bila kualikwa. Ramani haikulijua, lakini kila mtoto wa mtaa wetu aliliita Ziwa na hakuna aliyekuuliza ziwa gani.

Baba alifanya kazi ya kupakia katoni katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, siku sita kwa wiki. Jumapili tukitoka kanisani alivua koti, akavaa kofia ya kiwandani, akatuchukua mimi na mdogo wangu Metrine. Mama hakuja hata siku moja. "Nendeni mkahesabu ndege," alisema, mikono imejaa unga, "mimi nitahesabu chapati. Na wewe Nekesa, ukizama huko usirudi hapa ukinililia."

Tulilizunguka Ziwa lote, polepole, jua likiwa utosini. Harufu yake nikiitafuta bado naipata: tope lililopikwa na jua, matete, na moshi wa taka kutoka mbali. Kenge alijianika kwenye mwamba kama mzee aliyestaafu, na tukimkaribia alijitupa majini kwa kishindo kilichomfanya Metrine apige mayowe kila Jumapili, hata alipokuwa anajua kabisa kinakuja. Kulikuwa na yangeyange weupe waliofuata ng'ombe wa watu, kwarara wenye sauti ya mtu anayegombana na jirani, kerengende wekundu juu ya maji, na mdiria mweusi kwa mweupe, aliyesimama hewani akipiga mbawa mahali pamoja, kisha akaporomoka kama jiwe na kuibuka na samaki.

Majina haya ya Kiswahili nimeyatoa kwenye kamusi nikiwa mtu mzima, nikijifundisha mwenyewe. Wakati ule sikuyajua. Sisi tulisema "ndege" na tukatosheka. Aliyejua ni Baba. Alikuwa amechunga ng'ombe kwao, magharibi, na huko mtoto mchungaji alifundishwa majina ya ndege kabla ya kufundishwa kuhesabu. Hakuna ndege hata mmoja pale Ziwani aliyemshinda. Alimwonyesha kwa kidevu, akalitaja jina kwa lugha yake, akatwambia sababu ya jina: huyu anaitwa hivi kwa kuwa hulia mvua ikikaribia, yule kwa kuwa hajui kujenga. Nikinyoosha kidole alikishusha. "Wacha, mama. Ndege si mwizi." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Mimi niliandika. Nilikuwa na daftari la mistari lenye jalada lililotafunwa na jasho, na ndani yake nilichora kila ndege, vibaya, kisha chini yake nikaandika jina kama nilivyolisikia, pamoja na sababu yake. Kwa Jumapili za miaka miwili nilijaza daftari zima. Lilikuwa na matone ya tope, alama ya kidole cha Metrine chenye barafu, na mwandiko uliopanda na kushuka kama njia ya mbuzi.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipakwepa.

Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu alituambia tulete kazi nzuri tulizofanya nyumbani, zipangwe mezani siku ya wazazi. Nilifikiria daftari langu na nikaona aibu. Tangu utotoni nina ugonjwa huu: kitu kikiwa na doa, kwangu hakipo. Niliazima kwa mwalimu kitabu cha ndege chenye picha za rangi, kwa Kiingereza, nikanunua daftari jipya, nikaandika upya kila kitu. Rula, wino wa bluu, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Chini ya kila ndege niliweka jina la kitabuni. Majina ya Baba niliyaacha nje. Hayakuwa kitabuni, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua kama nimeyaandika sawa.

"Na yale ya Baba?" Metrine aliuliza.

"Hayo si majina kamili."

"Ai! Kwani nani aliyapunguza?"

Nilimwambia afunge mdomo. Lile daftari la zamani nililiweka jikoni juu ya karatasi za kuwashia jiko. Mama ni mtu asiyepoteza karatasi. Wiki ile tulikula ugali uliopikwa kwa moto wa majina yale, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikiwa nimekaa palepale nikipiga mistari kwa rula.

Siku ya wazazi Baba aliomba ruhusa kazini. Alilifungua daftari jipya mezani, mbele ya wazazi wengine, akafunua mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo akafunua tena. Nilidhani anafurahia mwandiko. "Safi sana, mama," alisema. "Mwandiko wa karani kabisa." Halafu akacheka kidogo. "Hawa ndege wako wamesoma kunishinda."

Wazazi wengine walicheka. Mimi pia nilicheka.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Ziwani kama kawaida. Mdiria alisimama hewani, Baba akainua kidevu, nikangoja. Akanigeukia akasema, "Mama, huyu ni nani?" Nikalitaja jina la Kiingereza kwa sauti ya ushindi. Akaitikia. Tangu siku hiyo hakutaja jina lingine. Aliuliza, mimi nikajibu, naye akatembea mikono nyuma. Niliona nimempita, na kwa miaka mingi niliona hilo ni jambo jema.

Miaka miwili iliyopita Baba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa na ulimi ukaenda nao. Anasema "ee", anasema "aa-aa", na mara chache neno zima humponyoka kama sarafu kutoka mfuko uliotoboka, huwezi kujua lini. Nilipoketi kando ya kitanda chake ndipo nilipoanza kuyatafuta majina yale kichwani mwangu. Nilipata moja tu, isindu, yule kware mdogo anayenaswa kwa mitego. Hilo hata muuza kuku wa soko la Kiamaiko analijua. Nilimpigia simu baba mdogo huko nyumbani. Alicheka kwa huruma. "Nekesa mwanangu, wale wazee waliojua wameisha. Sisi tunasema ndege tu."

Mwaka huu, Januari, Metrine aliniambia malori yanamwaga kifusi Ziwani. Kuna ghorofa zinakuja. Tulikwenda naye Jumapili moja ya Februari, tukamchukua Baba na fimbo yake, tukashuka kwenye gari la kukodi na kutembea kipande kidogo kilichosalia. Nilikuwa na sababu moja tu na nilimwambia Metrine waziwazi: nataka jina moja, hata moja, kabla maji hayajaisha.

Robo tatu ya Ziwa ilikuwa imekuwa uwanja wa udongo mwekundu. Kenge hakuwapo. Kwenye kipande cha maji kilichobaki, chenye chupa na povu, alikuwepo mdiria mmoja. Nikatoa simu nikaanza kurekodi. Lori likapita nyuma yetu likapiga honi. Nikaona limeniharibia mwanzo, nikazima ili nianze upya, pakiwa kimya.

Ndipo Baba aliposema.

Lilikuwa jina refu, lenye mwisho laini. Alilisema akiwa ameinua kidevu, bila kujikaza, kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani.

"Umesikia?" nilimshika Metrine mkono. "Umesikia mwanzo wake?"

"Nimesikia mwisho tu. Andika huo mwisho."

"Nusu jina nitalifanyia nini? Baba, rudia. Tafadhali, rudia polepole."

Alijaribu. Lilitoka tofauti. Nikamwomba tena, simu ikirekodi upya mdomoni kwake. Likatoka fupi zaidi. "Sivyo, Baba, lile la kwanza." Jasho lilimtiririka kwenye mashavu. Mara ya tano palitoka pumzi peke yake, na macho yake yakawa ya mtoto aliyeitwa ubaoni na hajui jibu.

"Muache!" Metrine alinipokonya simu. "Si alikupatia? Alikupatia, ukamwambia ni mbaya!"

Mdiria alikuwa ameshaondoka. Tulimkalisha Baba juu ya jiwe, Metrine akampepea kwa kofia, mimi nikasimama nikijaribu kushika ule mwisho laini. Kila nilipoutamka ulizidi kufanana na sauti yangu, ukazidi kuwa si wake. Tulipofika Umoja ulikuwa umekwisha kinywani kabisa.

Tulipokuwa wadogo tulikuwa na daftari chafu lenye kila kitu. Leo nina simu inayoweza kubeba maktaba nzima, mwandiko ninaosifiwa na watu, na dakika tatu za sauti ya mzee anayehema.

Mama alikuwa mlangoni. Alimpokea Baba, akamvua viatu, akauliza kama alivyouliza kila Jumapili, "Haya, mmeona ndege gani?" Nikamtajia wachache tuliowaona, mmoja mmoja, kwa Kiingereza, na Baba akawa anaitikia kwa kichwa kila jina, kwa adabu, kama mgeni.