Watu wa Udongo na Sauti ya Kaka

Juzi kazini, hapa Columbus, Amerika, wakati wa mapumziko, dada mmoja Mkenya alichungulia simu yangu. Nilikuwa naangalia filamu ya watu wa udongo, zile za Uingereza, watu wa kufinyangwa wenye meno makubwa na macho yaliyotoka kama mayai. Akacheka. "Aki wewe, hizo si za watoto? Na hao Waingereza hawachekeshi, bana. Utani wao umekauka, ni kama mkate bila chai."

Nikafunga bakuli langu la wali. Mimi ukinitukana naweza kunyamaza, labda siku moja kwa mwaka, lakini hizo filamu usiziguse. Nilianza kumweleza, sauti ikapanda, watu wa meza nyingine wakageuka, halafu kengele ikalia na yeye akarudi kwenye maboksi yake kabla sijafika popote. Bon. Nitakueleza wewe.

Sisi, watoto wa Kongo, tulikulia Buffalo, mtaa wa Black Rock, karibu na mto, kwenye nyumba ya mbao inayobanduka rangi. Redieta ya kupasha nyumba joto ilikuwa inapiga kelele kama mtu anayegonga sufuria na kijiko, na treni ikipita darajani vikombe vinatetemeka kabatini. Tulikuwa wanne: bibi, mama, kaka yangu mkubwa ambaye mpaka leo namwita yaya, na mimi. Mama alikuwa kiwandani siku nyingi. Jumamosi mimi na yaya tunaondoa theluji mlangoni, vidole vinakufa, na bibi jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu alichobeba kutoka kambi ya wakimbizi kana kwamba Amerika hakuna vyombo. Alikuwa anatwanga kwa nguvu mpaka siku moja jirani, mzee mmoja mzungu mpole, alikuja kuuliza kama tunajenga chumba kingine. Alipewa sahani. Akarudi kila Jumamosi.

Sasa, watu wa kanisa waliotupokea walituletea katoni: mablanketi, sahani, na diski za filamu. Bibi akashika moja, akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye jalada kuna mtu wa udongo, na shavuni kwake unaona kabisa alama ya kidole cha aliyemfinyanga. Kwake ilikuwa wazi: imetoka kanisani, mtu ni wa udongo, vidole vya muumbaji vinaonekana. Ni Mwanzo. Ni Adamu.

Donc, kwa hiyo, tuliomba kabla ya kuangalia. Sala ndefu, macho yamefungwa, redieta inaitikia. Halafu filamu ikaanza, na Adamu alikuwa amevaa koti la sufu na anakunywa chai na mke wake. Yaya akaanza kucheka. Bibi akamkata jicho.

"Unacheka nini? Nyoka bado haiyakuya."

Tulingoja nyoka mpaka mwisho. Hakuna nyoka. Bibi akasema labda tulisinzia, na Jumamosi iliyofuata tukaangalia tena, kwa makini, na sala tena.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mume na mke wazee wana duka dogo la chai juu ya mlima, na mvua inanyesha kila siku, na nyumba yao inateleza. Inateleza polepole, kila asubuhi imeshuka kidogo, na wao hawasemi. Meza inainama, wanaweka kitabu chini ya mguu. Mlango unaingia matopeni, wateja wanapita dirishani, na mke anawapokea pale dirishani na kuwaambia wafute viatu. Ndiyo filamu nzima. Hakuna bunduki, hakuna mbio. Nyumba inaanguka na watu wanaulizana kama sukari imetosha.

Kiingereza hatukujua hata mmoja. Lakini yaya alikuwa anashinda kwenye kibanda cha video kambini, ambapo jamaa mmoja alikuwa anasimama na mikro kutafsiri kila kitu, ajue asijue. Basi yaya akazima sauti, akashika mwiko wa bugali kama mikro, akasimama kando ya televisheni. Yule mume yaya akampa sauti ya mzee wa kwaya wa kule kambini, nzito, ya kohozi, yenye kumaliza kila kitu na donc. Mke akampa sauti nyembamba ya mama mwenye heshima zake, ambaye hata nyuki akimuuma anaomba radhi, pardon.

"Papa, minaona mulango yetu inaangalia Burundi sasa."

"Mama, kwani jana ilikuwa inaangalia wapi, donc?"

"Jana iliangalia kwa jirani."

"Jirani alikuwa na makelele. Kunywa chai."

Bibi ni mtu wa Uvira, kule Kongo, mlima nyuma, ziwa mbele, Burundi ng'ambo. Mwanzoni hakutoa sauti. Ni mabega tu. Alijifunika mdomo na kitenge, mabega yakaruka, halafu kitu kikatoka kifuani kwake kama birika linalochemka, na machozi yakafuata. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo tangu tufike. Akatuambia kule kwao, msimu wa mvua, nyumba ya jirani yake iliteremka kweli, usiku mmoja, na matope na kuku na kila kitu. Asubuhi yule mama alikuja kusalimia kama kawaida, amejifunga kitenge safi, akasema, "Sisi tumehama kidogo." Kidogo! Bibi akapangusa macho. "Hawa Bazungu banatujua," akasema. Na hakumtafuta tena nyoka.

Unaona sasa kwa nini nilikasirika? Vichekesho vya hapa Amerika kuna watu usiowaona wanacheka kwa niaba yako, kama vile wewe ni mjinga. Kwa wale Waingereza wa udongo hakuna anayecheka. Balaa linaingia, mtu ananyoosha kitambaa cha meza. Huo si ukavu. Ni sisi. Nenda kanisani kwetu, muulize mama aliyepunguziwa saa za kazi na gari lake limekufa barabarani, muulize habari. Atakuambia, "Tuko sawa, Mungu ni mwema," na uso hautikisiki. Ni utani wa mtu aliyekwisha kulia zamani, akachoka, akaona heri aweke maji ya chai. Mzungu mwingine anaona adabu. Sisi tulikuwa tunaanguka chini kwa kucheka.

Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwenye filamu hizo, narudisha nyuma, nasema na wao, narudisha tena. Mwalimu alishangaa mtoto wa Kongo anaomba msamaha kama bibi kizee wa London. Na siku niliyoelewa maneno ya kweli, nikagundua pale pa mlango yule mke anasema tu kwamba mandhari imekuwa nzuri zaidi. Nilimkimbilia yaya kumwambia. Akavimba kifua. "Si unaona? Nilikuwa karibu!"

Halafu tukatawanyika. Theluji ilimvunja bibi mkono, na mama akamhamishia Louisville, kwenye ndugu zetu wengine na kanisa la lugha yetu. Yaya alibaki Buffalo kwa sababu ya kazi. Mimi nikafuata kazi Columbus, nina chumba Hilliard, pembeni mwa mji, na majirani ambao sijui sura zao. Na bibi akaanza kupotea. Kwanza aliuliza bomba la maji la kambini liko upande gani. Halafu sura zikamtoka, moja moja. Mimi ananiita jina la mdogo wake aliyekufa. Lakini mama alisema sauti bado zinamfika, kwamba ukianza wimbo wa kanisa anaumaliza mwenyewe.

Yaya akaacha kumpigia bibi simu. Nilimuuliza kwa nini, akajificha, nikapiga kelele, mwishowe akasema, "Mudogo, miye niko naogopa. Akiniuliza miye ni nani, nitasema nini?"

"Wewe ndiye sauti ya nyumba yote ile!" nilimwambia. "Atajua! Uso anaweza kusahau, lakini sauti ile? Haiwezekani!" Nilimsumbua wiki nzima. Mimi nikimpenda mtu simwachi apumue.

Pasaka nikaendesha mpaka Louisville na ile diski. Mchana, jua limejaa sebuleni, mama anakata vichwa vya ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye sinia. Nikamkalisha bibi, nikawasha filamu bila sauti, nikaweka simu mezani, spika wazi, yaya upande wa pili kwake Black Rock. Akakohoa. Nikasikia treni inapita darajani, kule kule. Nikafikiri atakata simu.

Halafu mzee wa kwaya akatoka kwenye simu, mzima, na kohozi lake na donc yake. Na mama mwenye pardon akamjibu. Yaya hakusahau hata neno. Kisu cha mama kikasimama. Nikamtazama bibi, na naapa kwako, mabega yakatikisika. Mkono ukapanda na kitenge mdomoni. Birika likachemka. Alicheka! Nilimshika mama goti mpaka akasema namuumiza. Nilisema moyoni, nimempata, amerudi, yaya amemrudisha.

Bibi akapangusa macho. Akainama kwenye simu, akarekebisha kitenge begani, na akasema kwa ile sauti ya heshima tunayowawekea wageni:

"Papa, munaongea muzuri sana. Muko mutoto wa nani?"

Bibi akangoja jibu, akitabasamu, kama mtu anavyomngojea mgeni ataje ukoo wake. Kisha akaona labda amemwaibisha, akamsaidia: "Hata haina neno. Mukuye siku moja, tutawapatia chakula."

Halafu yaya akajibu, lakini hakujibu kwa sauti yake. Alijibu kwa ile ya mzee wa kwaya. "Asante, mama. Nitakuya." Na simu ikakatika. Mama akarudi kwenye ndagala zake.

Nilimpigia yaya barabarani nikirudi Columbus, hakushika. Mpaka leo anajibu kwa meseji tu. Filamu ipo, ukitaka utaipata, na Kiingereza chake kizuri. Ile yetu haikurekodiwa na mtu. Aliyekuwa anaisema hataki tena kuisema, na aliyesemewa hajui ilitoka kwa nani. Mimi nimejaribu zile sauti ndani ya gari, peke yangu. Zinatoka kama mtu anayesoma tangazo.

Mama anasema nishukuru, kwa sababu bibi alicheka. Ni kweli, alicheka. Alicheka kama unavyochekeshwa na mgeni mzuri, yule ambaye akiondoka unafunga mlango, na hujiulizi kama alifika kwao.