Ukurasa Kileleni

"Kompyuta yangu inaujua upepo wa kile kilima kuliko nyasi zake," mtaalamu wetu wa upepo aliwatamkia wakurugenzi mkutanoni, nao wakaagiza mitambo kumi na miwili ya umeme wa upepo bila kupima chochote kule juu. Tangu siku hiyo kucha zake zimeliwa hadi nyamani, na kila Jumamosi hunikokota hadi kileleni, akachomoa ukurasa wa ripoti yake, akauachia hewani. Jana, kwa mara ya tisa, ulitua juu ya kiatu chake.

"Labda upepo umeenda kunywa chai, kaka," nikasema.

Akauokota, akaukunja, akautia mfukoni. "Mdogo wangu, usimwambie mtu. Mitambo iko melini."

Mlingoti wa kupimia upepo, aliosema mkutanoni hauna kazi, ungegharimu dola elfu ishirini tu.