Bia Isiyopitisha Mwanga

Kila kreti ilipoletwa kwenye baa yake pale Kivumbini, Nasimiyu alichomoa chupa moja, akaielekeza kwenye jua, akatafuta kidole chake upande wa pili. Walioleta mzigo walimcheka. Bia imetoka kiwandani, Mama Bravin, unatafuta nini humo, samaki? Yeye aliendelea kukitafuta kidole. Asiyemjua angemwita mjeuri, na ujeuri ulikuwepo, hilo hakuna anayelikataa. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Nasimiyu alikuwa ametafunwa hasa.

Mama yake alikuwa mpika busaa katika nyumba za reli, na Nasimiyu alijua kuotesha kimera kabla hajajua kusoma. Busaa haikumtisha hata siku moja. Ni pombe nzito isiyopitisha mwanga, ndiyo, lakini uzito wake ni wa unga, na kila mtu anajua hivyo. Shida ililetwa na mumewe, Nyongesa, alipochoshwa na busaa akaingia kwenye kupika chang'aa, ile pombe kali inayong'aa kama maji. Siku moja alirudi kutoka Salgaa na mtungi alioupata kwa dereva wa lori, spiriti ya kuongezea makali. Alipoichanganya, chang'aa ikafanya ukungu. Nasimiyu akauliza. Nyongesa akasema itatulia tu.

Desturi ya kwao ni kwamba aliyepika ndiye anayeonja wa kwanza, wageni wakimtazama, ili ijulikane hana kinyongo na mtu. Nyongesa akaonja, tena akaonja vizuri. Asubuhi aliamka akamuuliza mkewe mbona hajafungua dirisha, na chumba kizima kilikuwa kimejaa jua. Macho yalikuwa yamepofuka. Hakuiona tena asubuhi nyingine; usiku uleule alikufa. Bravin, mtoto wao wa pekee, alikuwa darasa la pili.

Huyo Bravin alikua, akasoma, akapata kazi ya mabomba ya mvuke huko Olkaria. Nasimiyu alimtangaza kanisani mpaka watu wakachoka. Halafu mwaka jana kijana akaacha kazi. Akaungana na marafiki wawili, wakakodi godauni kwenye barabara ya Njoro, wakaweka matangi yanayong'aa, wakasema wao ni mafundi wa bia. Nasimiyu alienda mara moja kuwaona. Hakuwapenda wale marafiki. Mtu gani anafanya kazi ya kupika akiwa na viatu vyeupe?

Basi Jumamosi moja mchana Bravin akaingia pale baa na chupa isiyo na kibandiko. Ndani alikuwepo mteja mmoja tu, Mzee Kihara, aliyepasua mbao Elburgon maisha yake yote na sasa alikuwa anapumzika kwenye kiti kilekile kila siku. Bravin akamimina. Bia ikajaa glasi, ya manjano, nzito, na povu jeupe juu.

Nasimiyu akaiinua glasi kwenye mwanga. Kidole hakikuonekana. Akakisogeza, akakisukuma kwenye kioo. Hakuna kidole.

"Hii ni nini?"

"Ni bia, mathe. Inaitwa hazy, yaani ya ukungu. Inafaa kukaa hivyo."

"Inafaa kukaa hivyo," akarudia polepole. Ilikuwa ni kama kuambiwa itatulia tu.

"Kama ni uji, weka sukari," Mzee Kihara akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Mzee, kunywa yako," Nasimiyu akamkata. Akamgeukia mwanawe. "Mmeweka nini ndani?"

"Shayiri ya Mau Narok. Ngano ya hapa Njoro, hiyo ndiyo inaifanya isipitishe mwanga. Hops. Yeast, hiyo hamira. Maji. That's all."

Akainusa. Ilinukia embe, ikanukia na matunda ya karakara, na hilo likamtia wasiwasi zaidi, maana kitu kinachonukia vizuri hivyo kina jambo kinaloficha. "Mmetia juisi."

"Hatujatia juisi. Ni hops zinanukia hivyo. Ni maua."

"Maua! Sasa mnapikia watu maua." Akachovya kidole, akakisugua kwenye kiganja, akanusa tena. Hakupata harufu ya spiriti. Lakini hata mtungi wa Salgaa, alipounusa siku ile, haukumwambia kitu. "Hao marafiki zako, nani anashika ufunguo wa matangi? Nani ananunua? Wewe unajua wanachotia ukiwa umelala?"

"Mathe, hiyo nimepika mimi. Mwenyewe. Mwanzo hadi mwisho." Bravin hakuwa anatabasamu tena. "Sijaonjesha mtu. Hata sisi wenyewe tumekubaliana tungoje. Nilitaka wewe uwe wa kwanza. Ukisema hapana, naifunga hiyo godauni, narudi Olkaria kuwaomba kazi tena. Lakini uonje kwanza ndiyo useme."

Mzee Kihara akatazama meza yake. Nasimiyu alimtazama mwanawe, akaona kwamba anasema kweli, na bado hakuweza kuipeleka ile glasi mdomoni. Akasema neno ambalo mama yake angesema, likatoka lenyewe bila kufikiriwa.

"Kwetu aliyepika anaonja kwanza."

"Hiyo tu?" Bravin akacheka kwa nafuu. "Si ungesema."

Akaichukua glasi. Akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho, jinsi baba yake alivyofanya, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha. Povu lilikuwa limeshamgusa Bravin mdomo, Nasimiyu aliporuka upande wa pili wa kaunta, akamnyang'anya ile glasi kwa mikono miwili. Nusu ikamwagika kwenye gauni lake. Iliyobaki akainywa yeye, wima, bila kupumua, mpaka chini.

Mzee Kihara akasimama. Bravin alikuwa ameinua mkono bado, vidole vimeshika hewa.

"Mathe?"

"Wewe usiguse," akasema, anahema. Akaichukua chupa na kilichobaki ndani, akaikumbatia. "Hata tone."

"Lakini ni sawa! Si nilikuwa naonja?"

"Nimekwambia usiguse. Unataka jibu langu? Kuja kesho asubuhi. Kama nitakuona, tutaongea."

Hapo ndipo Bravin alipoelewa. Uso wake ulibadilika, akawa ni yule wa darasa la pili. Alitaka kuudhika, na alikuwa na haki ya kuudhika, lakini akashindwa. Akaondoka bila kuaga.

Usiku ule Nasimiyu hakulala vizuri. Aliomba, akamlaumu Nyongesa, akaomba tena. Alfajiri ilipoingia alilala kimya amefumba macho kwa muda mrefu, anasikia magari, anasikia jogoo wa jirani, anaogopa kuyafumbua. Mwishowe akainuka, akapapasa ukuta hivyohivyo, akayafumbua mlangoni tu, akiwa amelishika komeo, akafungua.

Bravin alikuwa ameketi kwenye ngazi. Akainuka haraka, akasimama mbele ya mama yake, anangoja.

"Umefunga vifungo vya shati vibaya," Nasimiyu akamwambia.