Nyundo Iliyosikika Mara Mbili

Tangu Mireille apewe fotokopi za maswali ya miaka iliyopita, chakula kilikuwa kinaungua mara kwa mara. Alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa kuingia mafunzo ya wasaidizi wa maabara, na sayansi ya jumla ilimtia wasiwasi, maana tangu amalize sekondari alikuwa anasuka nywele za watu mtaani Kadutu na kulea binti yake, Aurore. Sasa maswali yalimkamata. Kwa nini damu ni nyekundu lakini mishipa inaonekana ya kijani?

Moja lilimkaa zaidi: kwa nini tunaona mwanga wa radi kabla ya kusikia ngurumo? Jibu lilikuwa chini ya ukurasa: mwanga huenda kasi kuliko sauti. Alilishika kwa kichwa, lakini hakuridhika.

"Sauti nayo inatembea?" alimuuliza mumewe, Modeste.

"Mimi niko fundi wa manjanja, Maman Aurore. Uliza wenye walisoma."

Asubuhi moja Modeste alikuwa anapigilia manjanja, yale mabati ya paa, kwenye nyumba ya ng'ambo ya bonde. Mireille, akianika nguo uani, alimwona akishusha nyundo. Kimya. Nyundo ilikuwa imeshainuka tena ndipo mlio ukafika: ko! Akaangalia tena. Ikawa vilevile. Aliacha nguo kwenye beseni akampigia simu.

"Papa Aurore, weka telefone karibu na nyundo, alafu piga musumari mara moja tu."

"Watu wananiangalia!"

"Piga tu."

Alibana simu kwenye sikio la kulia, la kushoto akaliacha wazi. Nyundo ikashuka. Simu ikalia ko. Halafu, alipodhani imekwisha, pigo lilelile likafika sikio la kushoto, jembamba, limevuka bonde lote.

"Tena!" alipiga kelele. "Tena!"

"Maman Aurore, iko nini?"

"Imefika mara mbili! Ya telefone inafika mbele, ya kupita mu hewa inachelewa ku njia!"

Modeste aliiweka nyundo chini. "Basi kuja huku upige wewe," akasema. "Na mimi nisikie."

Wakabadilishana. Mireille alipanda ngazi na kuupinda msumari wa kwanza. Mwenye nyumba, papa Alphonse, alikuja akinung'unika kwamba kazi imesimama. Alipoelezwa, akauliza kama naye angeweza kwenda kusikiliza.

Siku ya mtihani swali la radi halikutoka. Lilitoka hili: sauti huenda kasi zaidi katika hewa, maji au chuma? Mireille aliyejua hewa tu alichagua hewa. Nje, mtahiniwa mwenzake aitwaye Colombe akamwambia ni chuma.

"Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesoma."

Njiani kulikuwa na uzio mrefu wa chuma. Mireille alimwomba Colombe aende mwisho wake agonge kwa ufunguo, yeye akabandika sikio kwenye bomba baridi la uzio. Mlio ulifika kwanza kupitia chuma, halafu kupitia hewa. Wapita njia walidhani anaumwa jino.

Majina ya waliofaulu yalipotoka, lake lilikuwemo, la Colombe pia. Wiki ya kwanza ya mafunzo, mwalimu alimwomba kwa upole apunguze kidogo maswali, ili na wengine wapate nafasi ya kuuliza.