Betri Kwenye Foleni ya Malaba

Juzi kwenye foleni ya malori Malaba, dereva mmoja alijigamba kwamba kontena lake limejaa betri za kituo cha kompyuta za akili bandia, huko Uganda.

"Stima ikipotea, hizo kompyuta hazizimi hata sekunde."

Nami, mjuaji wa magazeti, nikamgeukia mama aliyebeba mtoto mgongoni, nikamweleza faida za kompyuta hizo kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tumerudishwa kutoka kliniki bila chanjo," akasema. "Stima imepotea, friji imezima." Akagusa kontena kwa kiganja. "Boss, kompyuta ikikosa stima inakufa?"

"Haifi, mama. Inazima tu."

Akakaza leso aliyombebea mtoto, akaenda zake. Nilimjibu sawasawa, na tangu hapo natafuta pa kuficha uso.