Mgodi wa Kaka Fidelis

Juzi nilimkuta binti yangu akichimba mawe ya angani kwenye simu, nikacheka mpaka akauliza kulikoni.

Nilikuwa mdogo, tunaishi mtaa wa Viwanja Sitini. Mchana mmoja nilimsikia kaka Fidelis akimwambia rafiki yake kwamba ameanza kuchimba madini, na akipata ya kutosha ataunda meli. Walipoondoka nikamkimbilia mama, aliyekuwa akipeta mchele uani.

“Mama, kaka ameenda machimboni!”

Mama aliutupa ungo. Zamani mdogo wake alifukiwa na kifusi machimboni akafa, na nyumbani neno hilo halikutajwa. Alinishika mkono, tukakimbia kumuulizia kwenye intaneti kafe alikozoea kushinda. Tukamkuta humo. Palinuka vumbi na jasho la vijana, na feni ilinguruma hivi kwamba niliamini ndiyo mashine ya kuchimbia. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na giza, nyota, na chombo kidogo kikilimulika jiwe.

“Shikamoo, mama,” kaka alisema kwa woga.

“Marahaba. Huo mgodi uko wapi?”

Kaka akaonyesha kioo. Akaeleza kuwa ni mchezo tu: jiwe linatoa chuma, chuma kinaingia kiwandani, meli inatoka. Mama aliketi, akafuta machozi kwa pindo la kanga. Nilijua sasa kaka anachapwa. Mama akakitazama kioo kwa muda mrefu.

“Na lile jiwe kubwa kule nyuma,” akasema, “unamwachia nani?”